Kabla ya Kusifu Mashine, Tuulize Imewekwaje

Desemba 2017 kampuni ya DeepMind yenye makao yake London ilitoa matokeo yaliyowapa wapenzi wa sataranji gumzo la miezi. Programu yake, AlphaZero, iliyojifunza mchezo huu kwa kucheza dhidi yake yenyewe bila kuoneshwa hata pambano moja la binadamu, ilikutana na programu nyingine, Stockfish, mara 100. Ilishinda mara 28, ikatoka sare mara 72, haikufungwa. Hata hivyo, hesabu hizo sizo zilizovuma. Kilichovuma ni namna ilivyocheza: ilitoa kafara askari, mara nyingine kete kubwa zaidi, bila haraka ya kurudishiwa chochote, kisha ikambana mfalme wa mpinzani taratibu mpaka akakosa pa kupumulia. Wengi wakasema Mikhail Tal wa Riga, bingwa wa dunia wa 1960 aliyesifika kwa kafara zake, amefufukia ndani ya mashine. Stockfish nayo ikabandikwa sura ya karani, hodari wa hesabu asiye na ubunifu.

Walioisoma ripoti yenyewe hadi mwisho walikuta mambo ambayo vichwa vya habari havikuyabeba. Stockfish ilipewa dakika moja kamili kwa kila hatua, isizidi wala isipungue. Ilipewa nyuzi 64 za kuchakata hesabu, lakini kumbukumbu ya GB 1 tu ya kuhifadhia hali za ubao ilizokwisha kuzichunguza. Toleo lililotumika, la 8, lilikuwa limetoka mwaka mmoja kabla. Tord Romstad, mmoja wa waanzilishi wa Stockfish, alilalamika hadharani, na hakikuwa kilio cha aliyefungwa. Kazi kubwa imefanywa ili Stockfish itambue wakati mgumu wa pambano na kuutengea muda zaidi; ukiilazimisha itumie dakika ile ile kwa hatua iliyo wazi na kwa hatua ya kufa na kupona, umeinyang'anya stadi hiyo. Na kumbukumbu ya GB 1 ikitumiwa na nyuzi 64 hujaa upesi mno, hivyo programu hufuta ilichokwisha kukijua na kukitafuta upya. DeepMind wenyewe, walipochapisha kazi kamili katika jarida la Science mwaka mmoja baadaye, walibadili masharti: saa 3 kwa kila upande na nyongeza ya sekunde 15 kwa kila hatua, kumbukumbu ya GB 32, mapambano 1,000. AlphaZero ilishinda 155, ikapoteza 6, yaliyobaki yakawa sare. Bado ni ushindi usio na shaka. Ila sasa ni ushindi wa pambano moja katika kila sita au saba, wakati mwaka uliotangulia ulikuwa wa moja katika kila matatu au manne, na aliyeshindwa naye ana mapambano 6 ya kujivunia.

Sina haja ya kufufua ubishi wa nani zaidi kati ya hizo mbili, wakati umeshaupita. Ninachodai ni kwamba mtindo wa programu ya sataranji, sawasawa na nguvu yake, haukai ndani ya programu peke yake. Unatokana na programu pamoja na mipangilio yake: muda iliopewa, mashine inamoendeshwa, kumbukumbu iliyotengewa, na namba ambazo mtu fulani aliamua ziwe hivi na si vile. Kwa hiyo kusema kwamba programu hii ni jasiri, ile ni ya kujihami, au nyingine ina pointi 2,000 za kupimia nguvu ya mchezaji, bila kutaja mipangilio, ni kueleza nusu ya jambo, na nusu iliyoachwa ndiyo yenye mkono wa binadamu. Anayetangaza matokeo ya mashine, na anayeuza programu ya simu yenye wachezaji wa kubuni wa kila ngazi, ana wajibu wa kutueleza nusu hiyo.

Tuanze na namba, kwa sababu huko ndiko mtindo ulikozaliwa. Mwaka 1950 mwanahisabati Mmarekani Claude Shannon alichapisha makala iliyoeleza jinsi kompyuta inavyoweza kucheza sataranji. Alionesha kwamba programu inahitaji kanuni ya kuipima hali ya ubao: askari 1, farasi na askofu 3, ngome 5, malkia 9, kisha pointi ndogondogo za mambo kama uhuru wa kete kutembea au udhaifu wa askari wawili wa upande mmoja waliofuatana katika safu moja. Yeyote anayeifuata njia hiyo hufika mahali pa kuamua. Usalama wa mfalme una thamani gani ukilinganishwa na askari mmoja? Jibu halikushuka kutoka mbinguni. Ukimpa mfalme wa mpinzani uzito mkubwa, mashine itaacha askari wawili watatu ili ibomoe ukuta wake, na watazamaji watashangilia ujasiri. Ukiupunguza uzito huo, mashine hiyo hiyo itaokota kila askari aliyeachwa peke yake, nayo itaitwa bahili. Chessmaster, programu ya majumbani iliyouzwa kwa miaka mingi, iliwaachia wanunuzi wabadili namba hizi wenyewe: thamani ya kila kete, uwiano wa kushambulia na kujihami, hata kiasi cha bahati nasibu. Injini iliyokuwa ndani yake, The King ya Mholanzi Johan de Koning, ilikuwa moja tu, lakini wachezaji waliotengenezwa kutokana nayo walijaza orodha ndefu, na baadhi walipewa majina ya mabingwa wa kweli. Aliyeketi mbele ya bingwa wa namna hiyo alikuwa ameketi mbele ya jedwali la namba.

Junior, programu ya Waisraeli Amir Ban na Shay Bushinsky, ni mfano mzuri zaidi, kwa kuwa sifa yake ya kuthubutu ilikwenda mbali. Mwanzoni mwa 2003 Junior ilicheza mapambano sita na Garry Kasparov, aliyepata kuwa bingwa wa dunia, mjini New York. Katika la tano, ikiwa na kete nyeusi, ilitoa kafara askofu mbele ya mfalme katika hatua ya 10 tu, kafara ambayo haikuwa na hesabu kamili ya kuithibitisha. Kasparov akachagua njia salama, sare ikapatikana katika hatua ya 19, na mfululizo mzima ukaisha 3 kwa 3. Ikasemwa kwamba mashine imeanza kucheza kibinadamu. Walikuwapo binadamu kweli, wawili: waandishi walioamini kwamba nafasi ya kushambulia ina thamani kubwa kuliko wenzao walivyodhani, wakaiandika imani hiyo kwa tarakimu. Laiti wangebadili mawazo wiki moja kabla, Kasparov angekutana na mchezaji mwingine mwenye jina lile lile.

Hata namba za kupimia zikibaki vile vile, muda peke yake hubadilisha tabia. Programu inayoona hatua chache mbele ina ugonjwa ambao Hans Berliner, mtafiti na mchezaji wa Marekani, aliueleza miaka ya 1970. Hasara iliyo nje kidogo ya upeo wa macho yake kwake haipo, basi itatupa askari mmoja, kisha mwingine, ili iisogeze hasara hiyo nje ya upeo, ikidhani imeikwepa. Mtazamaji ataona mchezaji mwenye ulafi na papara. Iongezee muda au prosesa, programu ile ile itauona mtego kabla ya kuufikia, itamwacha askari wa bure, itapeleka ngome upande ambao sababu yake itaeleweka hatua nyingi baadaye. Mtazamaji yule yule ataona busara na subira. Ken Thompson, aliyejenga mashine ya Belle pamoja na Joe Condon katika maabara za Bell, alilijaribu jambo hili mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kuipambanisha Belle na nakala yake yenyewe inayoona mbele kidogo zaidi. Kila mwendo mmoja wa ziada, wa upande mmoja tu, ulileta takriban pointi 200 za nguvu. Siku hizi faida ya kuona mbele zaidi ni ndogo, kwa sababu mashine zimekwisha kwenda mbali mno, lakini kanuni haijabadilika. Tena Stockfish ikiendeshwa kwa nyuzi nyingi haitoi jibu moja kila mara. Nyuzi hupishana kwa sehemu ndogo ya sekunde na huandika katika kumbukumbu ya pamoja kwa mfuatano usiotabirika, hivyo hali ile ile ya ubao, kwa muda ule ule, yaweza kuzaa hatua mbili tofauti. Anayetoa hukumu ya mtindo kutokana na pambano moja zuri, sehemu ya anachokisifu ni kupishana huko.

Mpangilio unaonivutia kuliko yote huitwa dharau. Kwa kawaida programu huihesabu sare kuwa sifuri: haifai wala haidhuru. Ukiiwekea dharau, sare inageuka kuwa hasara ndogo, na mashine inaikimbia. Haikubali kurudia hatua mara tatu, haibadilishani malkia kwa urahisi, huacha ubao umejaa kete hata kama kufanya hivyo kunaipunguzia usalama. Kwa miaka kadhaa Stockfish ilitoka kiwandani ikiwa na dharau ya 24 kwa mia, yaani karibu robo ya askari, hadi mpangilio huo ulipoondolewa 2021. Na ulihitaji mpangilio mwingine wa kuamua dharau hiyo itumike vipi wakati wa kuchambua mapambano ya watu. Leela Chess Zero, mradi wa watu wa kujitolea ulioanza 2018 kwa kufuata nyayo za AlphaZero, umelipeleka wazo hilo mbali zaidi. Kuna matoleo yake yaliyofunzwa kuanza pambano bila farasi mmoja, hata bila malkia. Programu inayodhani mpinzani wake hakosei ingejiona imekwisha kufungwa tangu hatua ya kwanza na kucheza ovyo. Hii imewekwa iamini kwamba aliye mbele yake ni mtu na kwamba atateleza, kwa hiyo hukwepa kubadilishana kete, huuvuruga ubao, husubiri, na katika michezo ya haraka imewafunga wachezaji wa daraja la juu kabisa. Ukiitazama bila kujua, utasema ina kiburi na ujanja. Kiburi hicho kina thamani inayoandikwa katika kisanduku, na mtu anaweza kuirudisha sifuri kabla ya chai ya saa nne.

Pambano mashuhuri kuliko yote la mtu na kompyuta nalo ni kisa cha mipangilio. Mei 1997, New York, Deep Blue ya IBM ilimshinda Kasparov kwa pointi 3.5 dhidi ya 2.5. Ilikuwa na vipande 480 vya kielektroniki vilivyotengenezwa kwa kazi ya sataranji tu, ikichunguza hali za ubao milioni 200 kwa sekunde, na kanuni yake ya kupimia ilikuwa na vipengele takriban 8,000. Timu ya Feng-hsiung Hsu, Murray Campbell na Joe Hoane, ikishauriwa na wachezaji wa daraja la juu akiwamo Joel Benjamin, iliruhusiwa kuirekebisha mashine kati ya pambano na pambano. Katika pambano la pili Deep Blue iliacha kumwingiza malkia na kuokota askari waliokuwa wazi, ikaamua kwanza kumziba mpinzani kila upenyo. Kasparov alikuwa amezoea mashine zisizokataa mali iliyo mezani. Aliingiwa na shaka kwamba kuna mtu nyuma ya pazia, akasalimu amri katika hali ambayo wachambuzi walionesha baadaye kwamba angeweza kupata sare, na moyo wake haukurudi mahali pake hadi mwisho. Alidai rekodi za hesabu za mashine. IBM ilizitoa baadaye. Mimi naona Kasparov alikuwa na hoja, ingawa si ile aliyokusudia. Mikono ya watu ilikuwapo, tena mingi, na yote ilikuwa halali, kwa kuwa kanuni ziliiruhusu. Tatizo ni kwamba aliingia ulingoni bila kupewa mapambano ya awali ya Deep Blue ayasome, dhidi ya mashine iliyoweza kubadilishwa tabia usiku, kisha dunia ikaambiwa huo ndio uchezaji wa kompyuta. Ulikuwa uchezaji wa kompyuta moja, kama ilivyowekwa siku ile.

Atakayenipinga atasema hayo yote ni ya enzi iliyopita. AlphaZero haikuandikiwa thamani ya malkia wala ya usalama wa mfalme, iligundua yenyewe. Stockfish nayo ilianza kutumia mtandao wa neva 2020, na kufikia 2023 kanuni ya kupimia iliyoandikwa kwa mkono ilikuwa imeondolewa kabisa. Kama hakuna aliyeandika namba, mtindo umewekwa na nani? Hoja hii ina nguvu, na nakubali kwamba hakuna mhandisi wa DeepMind aliyeketi akaamua AlphaZero ipende kuwasukuma askari wa pembeni kumwelekea mfalme. Lakini kuna mtu aliyeamua kwamba ushindi ni 1, kushindwa ni kutoa 1, na sare ni katikati kabisa. Kuna mtu aliyeamua kanuni za mchezo zibaki zilivyo. Mwaka 2020 watafiti wa DeepMind, wakishirikiana na Vladimir Kramnik aliyepata kuwa bingwa wa dunia, waliifunza AlphaZero upya mara tisa, kila mara wakiwa wamebadili kanuni: safari moja wakimzuia mfalme kupishana na ngome, nyingine wakihesabu mfalme aliyekosa pa kwenda bila kushambuliwa kuwa amefungwa badala ya kuwa sare. Njia ya mafunzo haikubadilika, ila michezo iliyozaliwa ilikuwa na sura mbalimbali, mingine ikiwa na purukushani zaidi kwa sababu mfalme hakupata maficho mapema. Mtandao wa neva umezificha namba mahali ambapo jicho halifiki, na uamuzi wa binadamu umepanda ngazi moja juu, kwenye kuchagua mashine itafute nini.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na mara nyingi hutolewa na wachezaji wazuri. Wanasema mtindo ni dalili ya upungufu tu. Katika kila hali ya ubao ipo hatua sahihi. Binadamu ana mtindo kwa sababu haijui, na mashine ikikamilika haitakuwa na mtindo hata chembe, ikiwa na ukweli mtupu. Bahati nzuri ipo sehemu ya sataranji ambayo ukweli wake unajulikana wote, kwa hiyo tunaweza kuijaribu hoja hiyo badala ya kubishana hewani. Yapo majedwali ya kompyuta yenye jibu la hakika kwa kila mwisho wa mchezo wenye kete saba au pungufu, wafalme wakihesabiwa. Jedwali linajua maneno matatu: ushindi, sare, kushindwa. Ukiwa katika hali ya sare, unaweza kuwa na hatua kumi ambazo zote ni sare, na kwa jedwali zote kumi ni sawa. Kwa mpinzani aliyechoka, aliyebakiwa na dakika mbili, haziko sawa hata kidogo. Moja inamwachia njia chungu nzima za kujiokoa, nyingine inamwachia moja nyembamba. Ichezwe ipi? Ukweli unanyamaza hapo, na uamuzi unabaki kwa yule aliyeamua mashine ipendelee nini. Tena wajuzi wengi wanaamini kwamba sataranji ikichezwa bila kosa huishia sare tangu hatua ya kwanza. Wakiwa sahihi, basi kadiri mashine zinavyoukaribia ukamilifu, uchaguzi kati ya hatua zilizo sawa unazidi kuwa ndio mchezo wenyewe. Waandaaji wa mashindano ya programu wanalijua hilo kwa vitendo. Huzilazimisha programu zianze na funguzi zilizokwisha kupinda upande mmoja, la sivyo wangehesabu sare juu ya sare hadi wadhamini wakimbie. Ushindi tunaousoma katika mashindano hayo una mchango wa aliyechagua funguzi.

Kwamba matokeo hutajwa pamoja na masharti yake, katika riadha tulikwisha kulikubali bila ugomvi. Oktoba 2019 Eliud Kipchoge alikimbia umbali wa marathoni mjini Vienna kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Kenya nzima ilisimama, na ilistahili. Hata hivyo muda huo haukuingizwa katika vitabu kama rekodi rasmi ya dunia, kwa sababu wasindikizaji walipokezana kwa zamu na mbio zenyewe hazikuwa shindano la wazi. Hakuna aliyedai kwamba Kipchoge hakukimbia. Masharti yaliandikwa kando ya muda, na kila mtu akaenda zake akijua alichokiona. Sioni kwa nini matokeo ya mashine yapewe heshima kubwa kuliko hiyo. Mwanariadha angalau hawezi kubadilishiwa mapafu usiku wa kuamkia mbio.

Suala hili lingekuwa la wataalamu tu kama si simu. Mchezaji wa Kisumu au Dodoma asiye na klabu karibu wala mwalimu anacheza na programu, na programu hiyo ndiyo inayomfundisha mchezo unavyokuwa. Stockfish kwa nguvu zake zote haina faida kwake, maana atafungwa kila mara bila kujua kwa nini, kwa hiyo inapunguzwa. Namna inavyopunguzwa ndiyo yenye maana. Stockfish ina mpangilio wa kiwango cha ustadi, kuanzia 0 hadi 20. Ukiushusha, programu bado inatafuta hatua kadhaa nzuri, kisha kwa bahati nasibu iliyopimwa mara nyingine inachagua iliyo dhaifu miongoni mwao. Kinachotokea ubaoni ni mchezaji asiyepatikana popote duniani: anajilinda kwa ustadi wa bingwa wa dunia kwa hatua nane, kisha katika ya tisa anamwacha farasi bila ulinzi pasipo sababu yoyote. Mwanafunzi wake anajifunza kusubiri zawadi. Hajifunzi mpango, kwa kuwa mpango mbaya hauadhibiwi wala mzuri hautuzwi. Hajifunzi makosa ambayo wenzake wa kweli hufanya, kama kumsahau mfalme wakati wa kushambulia au kuogopa kubadilishana malkia akiwa mbele.

Njia nyingine ipo tayari. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto, Cornell na Microsoft walitoa Maia, programu iliyofunzwa kwa mapambano ya watu wa kawaida yaliyochezwa katika tovuti ya sataranji ya Lichess. Kuna Maia tisa, kutoka ya wachezaji wa pointi 1,100 hadi ya 1,900, na kila moja imefunzwa ibashiri hatua ambayo mtu wa kiwango hicho angecheza. Hupatia takriban nusu ya hatua. Hiyo ni zaidi ya Stockfish iliyopunguzwa inavyoweza, na inatokana na uamuzi mmoja wa mpangilio: kuulizwa mtu angefanya nini, badala ya kuulizwa lipi ni bora. Pointi 1,500 za Maia na pointi 1,500 za programu inayokosea kwa bahati nasibu zinaandikwa kwa tarakimu zile zile, na huenda zikampa mchezaji idadi ile ile ya ushindi, lakini ni walimu wawili tofauti kabisa. Kuziandika kwa namna moja kunawaficha mzazi na mwalimu wa shule jambo ambalo wangependa kulijua kabla ya kumkabidhi mtoto simu.

Nitaambiwa kwamba mtumiaji wa kawaida hataki habari za nyuzi, kumbukumbu na dharau. Anataka sura inayotabasamu, jina, na kitufe cha kuanzia. Ni kweli, na sura zibaki, maana zinavuta watoto kwenye mchezo kuliko jedwali lolote. Pia ni kweli kwamba programu za wazi kama Stockfish hazifichi kitu: msimbo wake uko wazi, na yeyote mwenye subira anaweza kusoma jinsi kiwango cha ustadi kinavyochagua hatua mbaya. Lakini uwazi wa namna hiyo ni wa wachache, na programu nyingi zinazouzwa kwa sura na majina hazina hata huo. Wala sidai kitabu cha maelezo. Mistari mitatu chini ya picha ya mchezaji wa kubuni ingetosha: anafikiri kwa muda gani, anakosea kwa kutupa hatua ovyo au kwa kuiga makosa ya watu, na sare anaihesabu kuwa nini.